Nguchiro Aliyeungama Njia Nzima Mpaka Kwenye Kura

Watoto wangu, kabla sijaanza, nina la kuungama. Mwaka ule wa ugonjwa, siku ya kupiga kura, mimi sikwenda. Niliogopa foleni. Niliwaza watu wote wale wanakohoa, na kalamu moja inashikwa na kijiji kizima, nikajifungia ndani na pazia nikavuta. Halafu, Mungu anisamehe, nikavunja kalamu ya mwanangu nikajipaka wino kidoleni, ili Jumapili kanisani nionekane na mimi nimetimiza wajibu. Wakati wa matangazo nilikinyanyua kidole kile kama mtu anayeomba kusema, na la kusema sikuwa nalo.

Na jioni ya siku ileile ya kura nilikuwa harusini kwa jirani, tumebanana watu tisa kwenye benchi moja, nachota pilau kwenye sinia pamoja na watu nisiowajua hata majina. Foleni niliiogopa. Pilau sikuiogopa.

Kwa hiyo msidhani nawasimulia haya kwa kuwa mimi ni mwema. Nawasimulia kwa kuwa huyu Nguchiro mtakayemsikia, kila nikimtazama vizuri, naona sura yangu.

Basi hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado na majiko, milango na mashemeji, katika Bonde la Mtitu palikuwa na bwawa moja tu. Mlinzi wa bwawa alikuwa Mzee Kiboko, na mlinzi ndiye aliyepanga nani anywe lini. Alipanga hivi: asubuhi wanywe Nyati, maana walikuwa rafiki zake na walimsifu sana. Kisha aoge yeye mwenyewe, ajigeuze upande huu na upande ule mpaka jua la utosini. Wadogo wanywe mwisho.

Mwisho huo maji yalikuwa uji. Kiangazi kilichopita watoto wanne wa Nguchiro waliharisha mwezi mzima, wakakonda hadi mama yao akawa anahesabu mbavu zao wakiwa wamesimama mlangoni. Na sasa kiangazi kingine kilikuwa kinabisha hodi.

Kila baada ya miaka mitano bonde lilichagua mlinzi. Walichagua kwa unyayo. Alfajiri Bibi Kobe, karani wa bonde, alitandaza ukingoni mwa bwawa vitanda viwili vya udongo mbichi, kimoja cha mgombea huyu na kimoja cha yule. Kila mtu mzima alikuja akakanyaga mara moja, mguu mmoja, kwa amtakaye. Udongo ukikauka ukapasuka ufa wa kwanza, Bibi Kobe alisema "Basi," na ikawa basi. Kura zikilingana, mlinzi wa zamani alibaki.

Mwaka huo aliyesimama kushindana na Kiboko alikuwa Bi Digidigi, mama mpole mwenye miguu kama vijiti vya mshikaki. Ahadi yake ilikuwa moja: watoto wanywe kwanza, asubuhi, kabla ngozi ya mtu yeyote haijagusa maji. Mpiga debe wake alikuwa Nguchiro. Kwa mdomo, Nguchiro hakuwa na mpinzani. Angeweza kumuuzia samaki maji.

Ndipo ukaja ugonjwa. Ulianza kwa Ngiri, kho, kho, ukaenda kwa Nungunungu, kho, kho, kho, na kwa kuwa hakuna aliyejua jina lake wakauita Khokho. Wengi waliumwa wiki moja wakapona. Wachache hawakupona. Milango ikafungwa. Wanyama wakawa wanasalimiana kwa mkia, tena kwa mbali.

Siku moja kabla ya kura Nguchiro akakaa kizingitini akawaza habari yake. Alipowawaza Nyati, roho ilimshuka. Aliwaona akilini mwake wanatelemka kwenda bwawani, pembe na vumbi, wameziba anga lote, na kila mmoja anakanyaga kitanda cha Kiboko. Akawaza, je, wakibaki nyumbani? Na wazo likishamwingia Nguchiro, lilikuwa halitoki bila kufanya kazi.

Akafunga jani mdomoni kama mganga, akaenda kwa Nyati mkubwa, akasimama mbali kwa adabu na kumpa pole ya mambo ya dunia.

"Mzee wangu," akasema, "nimekuja kwa kuwa nakupenda. Wewe unajua Khokho inajificha wapi?"

Nyati akasema anasikia iko hewani.

"Hewani ni mchana. Ikichoka inashuka kwenye udongo mbichi kupumzika. Mtu akikanyaga, inampanda mguu. Sasa sisi wenye miguu midogo hatuzami sana. Lakini mguu kama wako, Mzee wangu, mguu wa heshima, unazama mpaka chini kabisa, mpaka kwa bibi yake Khokho."

Nyati akautazama mguu wake. Aliutazama kwa muda mrefu. Kisha akasema kesho haendi kokote, wala nduguze hawaendi.

Nguchiro akarudi nyumbani anapiga mluzi. Watoto wangu, mluzi ule naujua. Ndio niliopiga mimi nilipokuwa nakausha wino kidoleni.

Jambo moja Nguchiro hakuliona. Mgongoni mwa Nyati alikaa ndege mmoja, Mlakupe, ambaye kazi yake ilikuwa kula kupe na starehe yake kupeleka habari. Kabla ya jua kuzama Mlakupe alikuwa amepita kila nyumba bondeni, na kila nyumba habari iliongezwa chumvi kidogo.

Asubuhi ya kura Nguchiro alipokuwa anajinyoosha, mkewe alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Baba Chechele, unakwenda wapi?"

"Kwenye kura, mama."

"Huendi. Hukusikia? Khokho inalala kwenye udongo. Tena wenye miguu midogo ndio hatari zaidi, inajibana katikati ya vidole haitoki hata ukisugua kwa mchanga. Bonde zima linajua isipokuwa wewe, na wewe ndiye unayejiita mjuzi."

Nguchiro akawaza. Aseme nini? Akisema ni uongo, ataulizwa amejuaje. Akasema kwa sauti ndogo kwamba huenda habari hiyo si ya kweli. Mkewe akamwambia kuna wenye akili wamefikiri mpaka wakaligundua jambo hilo, si kama yeye, na akafunga mlango kwa komeo. Ikabidi mpiga debe wa bonde zima atoke kwake kupitia dirishani, kwanza kichwa, halafu tumbo, na tumbo likagoma kidogo.

Bwawani alimkuta Bibi Kobe peke yake. Vitanda viwili vya udongo vilikuwa vinang'aa. Bibi Kobe alikuwa amepanga mambo yake vizuri: amechora mistari ya kusimamia, kila mmoja umbali wa Nyati mzima toka kwa mwenzake, na amechimba mfereji wa maji yanayotembea, mtu aoshe miguu akija na akiondoka. Mahali palikuwa safi kuliko jiko la Bi Digidigi. Hakuna aliyekuja kupaona.

Kwenye kitanda cha Kiboko palikuwa na unyayo mmoja, mpana kama sinia. Kiboko hakuhitaji kutoka nyumbani, maana nyumbani kwake ni palepale. Nguchiro akakanyaga kwa Bi Digidigi. Zikawa sare, moja kwa moja.

Wakangoja. Jua likapanda. Hakuna mkia uliotokea.

"Zikilingana nabaki mimi," akasema Kiboko, macho yake tu juu ya maji. "Nenda kapumzike, mjukuu wangu. Na watoto wako uwaambie maji ya mwaka huu yatakuwa mazito kidogo."

Nguchiro akaondoka mbio. Akaanza kwa mgombea mwenyewe. Bi Digidigi alizungumza naye kwa tundu la mlango.

"Ndugu yangu, kura naitaka," akasema, "lakini nitalindaje bwawa nikiwa maiti? Udongo una Khokho. Habari imetoka juu."

"Juu wapi?"

"Kwa Nyati. Na Nyati haogopi hivihivi."

Nguchiro akaenda kwa Ngiri, akaambiwa udongo. Akaenda kwa Fuko, akaambiwa udongo, na Fuko anaishi ndani ya udongo. Kila mlango alipobisha alifunguliwa na uongo wake mwenyewe, umenenepa, umevaa vizuri, hauna habari naye. Kwa Kanga na kwa Nungunungu hakukuta mtu kabisa. Akasikia kelele nyuma ya kilima, akapanda kutazama.

Huko nyuma ya kilima palikuwa na jiwe la chumvi. Mvua ya mwisho ilikuwa imefukua upande mpya, mweupe, na nusu ya bonde ilikuwepo. Kanga, Nungunungu, Sungura na wakwe zake, wote wamebanana bega kwa bega, kila mmoja analamba pale alipolamba mwenzake. Lamba, lamba, kho, kho, lamba. Na katikati, ulimi nje, alikuwepo mke wa Nguchiro mwenyewe.

Kukanyaga alipokanyaga mwenzake, hapana. Kulamba alipolamba mwenzake, karibu. Msicheke. Kumbukeni pilau.

Nguchiro akapanda kwenye kichuguu akafanya jambo ambalo hakulizoea. Alisema kweli. Aliwaambia udongo hauna kitu, kwamba habari ile aliitunga yeye ili kuwatisha Nyati, na kwamba kama ni kuogopa, waliogope jiwe hilo wanalolilamba.

Hakuna aliyeinua kichwa. "Huyo ni mpiga debe," akasema Nungunungu na mdomo umejaa. "Unategemea aseme nini?"

Hapo roho ya Nguchiro ikavunjika. Miaka yote aliposema uongo walimwamini, na siku ya kusema kweli ndiyo hii. Akawaza mbavu za watoto wake. Machozi yakamtoka, na hayo hayakuwa ya kampeni.

Mlakupe, aliyekuwa juu ya tawi, ndiye aliyemwokoa, na hakukusudia. Alitaka tu kuonekana anajua zaidi. "Hilo ni kweli," akasema. "Nilikuwepo mgongoni. Alifunga jani mdomoni akamwambia Nyati kuhusu bibi yake Khokho."

Ndimi zote zikarudi ndani. Mkewe Nguchiro akageuka polepole.

"Baba Chechele. Mimi nimekufungia mlango kwa uongo wako mwenyewe?"

Walimsogelea. Kundi zima, hatua moja. Nguchiro akarudi nyuma hatua moja. Wakasogea tena, naye akarudi tena. Na hapo, katikati ya hofu yake, akaona jambo. Alikuwa anarudi nyuma kuelekea bwawani. Nao walikuwa wanakuja.

Kumbe watu wanaoogopa foleni hawaogopi kutazama aibu ya jirani.

"Hilo si lote," akasema Nguchiro.

Wakasimama. "Kuna jingine?" akauliza Kanga.

"Lipo, Mama Kanga, tena linakuhusu. Lakini hapa siwezi kulisema, nitalisema pale kwenye mgunga." Akakimbia hadi kwenye mgunga, nao wakamfuata mbiombio, shingo mbele. Pale akaungama kwamba mayai matatu ya Kanga yaliyopotea mwaka juzi, ambayo yeye mwenyewe Nguchiro aliongoza msako wa kuyatafuta, yalikuwa tumboni mwake wakati anaongoza.

Kanga akataka kumrukia. "Ngoja," akasema Nguchiro, "la Nungunungu ni baya zaidi, lakini ni la pale kwenye mawe mekundu." Nungunungu akawa wa kwanza kufika kwenye mawe mekundu. Huko akaambiwa kwamba kinu chake alichokiazima Nguchiro kilirudishwa kimepasuka, na ufa ukageuzwa ukutani. Miaka miwili Nungunungu alikuwa anamsuta mama mkwe wake kwa ule ufa.

Vumbi la kundi likaonekana mbali. Milango ikafunguka. Ngiri akatoka, Fuko akatoka, hata Bi Digidigi akatoka kwa vijiti vyake, kila mmoja anauliza amefikia wapi na amesema la nani. Wakaambiana la mtu gani limetajwa, wakaingia msafarani kungoja la kwao. Na kwa kuwa kila mmoja alitaka kumwona Nguchiro vizuri, wakatawanyika wakaacha nafasi katikati yao, hata wakawa wanatembea mbalimbali kuliko walivyosimama kwenye chumvi.

La mkewe alilisema kwenye njia panda: kwamba zile siku nne alizokwenda ukweni kuchimba mchwa, yeye alilala tu chini ya kichaka, na mchwa walichimbwa na shemeji yake. Mkewe akaongeza mwendo. Nguchiro aliogopa zaidi.

Bwawani kwenyewe udongo ulikuwa umeanza kufifia. Kiboko aliuona ufa wa kwanza, mwembamba kama unywele, akamwita karani aje aone. Bibi Kobe alikuwa kivulini, umbali wa hatua thelathini. Akaitika "Naja," akaanza safari. Mnamjua Kobe.

Msafara ukafika. Kiboko alipomwona Nguchiro anarudi kinyumenyume na bonde zima limemkunjia uso, alifurahi kwa moyo wake wote, akauliza kuna nini. Nguchiro alikuwa amemwekea aibu iliyonona kuliko zote.

"Mzee wangu," akasema, "mimi niliye mjanja wa bonde hili, nilitunga uongo ili rafiki zako wasije kwenye kura. Uongo ukanizunguka ukaingia kwangu kabla yangu. Mke wangu akanifungia nao ndani. Mgombea wangu akanifukuza nao mlangoni. Nimetoka nyumbani kwangu leo kwa dirisha, na tumbo langu likakwama, nikaning'inia nusu ndani nusu nje, na mtoto wangu mdogo akanisukuma kwa nyuma akiniuliza, baba, unakwenda kuwafundisha watu akili?"

Kiboko alicheka. Alicheka mpaka akafumba macho, akajitupa chali, chubwii, akajigeuza, akapiga maji kwa tumbo, chubwii, na wimbi kubwa likapanda ukingoni likavilalia vitanda viwili vya udongo, likarudi taratibu. Nyayo mbili zilibaki. Ufa haukubaki.

Bibi Kobe alifika wakati huohuo. Akainama, akabonyeza udongo kwa kidole.

"Mbichi," akasema.

"Ulikuwa umepasuka," akasema Kiboko, amefumbua macho sasa.

"Mwanangu, ufa ambao karani hajauona si ufa. Simameni kwenye mistari. Osheni miguu. Mmoja mmoja."

Nao wakasimama, maana walikuwa wameshafika, na mtu akishafika kurudi ni uvivu mwingine. Bibi Kobe akamkatiza Nguchiro kabla hajatoa hata shukrani. Akamwambia uongo aliuanzia kwa Nyati, basi aende akaumalizie hukohuko, sasa hivi, udongo ukiwa bado mbichi. Nguchiro akalalamika kwamba Nyati wakija Bi Digidigi amekwisha. Bibi Kobe akasema aende.

Akaenda. Safari hii bila jani mdomoni, akasema kweli kwa Nyati, akala teke moja la haki ambalo hata leo akilala upande wa kushoto anaguna. Nyati wakatelemka, pembe na vumbi, wakaosha miguu, wakakanyaga kwa Kiboko, kila mmoja wao.

Bibi Kobe akahesabu. Bi Digidigi nyayo arobaini na moja. Wawili waliokuwa wanaumwa kweli walibaki kitandani na hakuna aliyewalaumu. Kiboko nyayo kumi na mbili.

"Kumi na mbili?" akasema Nguchiro. "Nyati walikuja wote?"

"Wote. Ni kumi na mmoja. Siku zote wamekuwa kumi na mmoja."

Nguchiro akawatazama Nyati, akawahesabu kwa kidole, akarudia. Hakuwa amewahi kuwahesabu. Aliona pembe akadhani ni jeshi.

"Ungehesabu tu," akasema Bibi Kobe, "ungekuwa umelala usingizi wako na mayai ya watu hakuna aliyeyajua."

Asubuhi iliyofuata watoto walikunywa kwanza, na maji yalionyesha mawe ya chini. Wa Nguchiro walikunywa hadi matumbo yakalia. Baba yao hakuwepo kuwaona. Alikuwa analinda kiota cha Kanga, ndiyo adhabu yake mpaka vifaranga vitoke, amekaa mbele ya mayai sita ya moto, na Kanga amemkazia macho.

Funzo lake ni hili: anayeogopesha wenzake ili ashinde, wa kwanza kutishika ni wa nyumbani kwake mwenyewe.

Na mimi nina ombi moja kwenu. Siku ya kura ikifika na ugonjwa upo, osheni mikono, simameni mbalimbali, mwende. Na mkipita kwangu mkaona pazia limevutwa, tafadhali, gongeni mlango mnitoe.